Mabonyeo Bila Nyundo

Katika istilahi za fasihi simulizi na sanaa za maonyesho, maleba ni jumla ya mavazi, mapambo na vifaa ambavyo fanani, yaani mtendaji anayesimama mbele ya hadhira, huvaa au hushika ili atambulike kuwa mtu mwingine: shujaa, mfalme, mganga, askari wa Kirumi, mhunzi. Sehemu kubwa ya maleba hayo, hasa yanapoigiza zama zilizopita, huwa ni vitu vya chuma, shaba au dhahabu, na kwa kuwa metali hizo ni ghali, ni nzito na, zikiwa na makali, ni hatari mikononi mwa watoto wa shule, kazi ya kuzileta jukwaani huangukia rangi. Rangi inayozungumziwa hapa ni ile ya kopo la kupuliza, ambayo mafundi wa Kenya huiita sprei, na hasa ile aina yake ambayo ikikauka haiachi uso laini bali huacha mabonyeo madogo madogo, kana kwamba kitu kilichopakwa kimefuliwa kwa nyundo. Mtu anaweza kuiona kuwa hila ndogo ya mapambo isiyostahili kurasa za jarida; lakini mahali kama Kitui na Makueni, ambako ufuaji chuma ulikuwa kazi yenye sifa kabla ya reli na kabla ya maduka ya vifaa vya ujenzi, hila hiyo inagusa swali zito zaidi: je, jukwaa linapoonyesha chuma, linaonyesha metali yenyewe, au linaonyesha kazi iliyofanywa juu yake?

Kopo lenyewe lina historia fupi. Mnorwe Erik Rotheim alibuni chombo cha kupuliza umajimaji kwa nguvu ya gesi mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini rangi haikuingizwa katika chombo cha namna hiyo hadi mwaka 1949, katika mji wa Sycamore, jimbo la Illinois, Marekani, pale mfanyabiashara wa rangi Edward Seymour alipofuata wazo la mkewe Bonnie, kwani alikuwa akitafuta njia nyepesi ya kuwaonyesha wateja rangi yake ya alumini iliyokusudiwa kupaka vifaa vya kupashia nyumba joto. Rangi ya kwanza kutoka katika kopo, basi, haikuwa nyekundu wala nyeupe wala nyeusi, bali ilikuwa rangi ya metali, na zile ambazo leo hutapakaa katika kuta za miji na migongo ya matatu zilikuja nyuma yake. Kwa hiyo mwalimu wa drama anayepulizia mkuki wa mti rangi ya fedha hakipotoshi chombo hicho kutoka katika matumizi yake ya asili, ingawa Seymour hakuwa na mikuki akilini.

Ndani ya kopo mna utomvu, ambao ndio unaoganda na kushikilia rangi. Mna kiyeyusho, ambacho hulainisha utomvu huo na kisha hutoweka hewani. Mna gesi inayosukuma vyote nje, ambayo kwa kawaida ni ya jamii ileile ya gesi ya kupikia. Na mna kigololi kinachogonga kopo linapotikiswa, ili kukoroga kile kilichotuama chini. Kinachotuama ni vipande vya metali vilivyosagwa vikawa vyembamba mno, alumini kwa rangi ya fedha, na mchanganyiko wa shaba na zinki kwa nyingi za rangi za dhahabu. Vipande vya alumini huandaliwa kwa namna mbili. Vile vilivyopakwa asidi ya mafuta huelea juu ya utomvu na kulala bapa mfano wa magamba ya samaki, navyo hutoa mng'aro mkali unaokaribia kioo, lakini kwa kuwa vimekaa juu kabisa, huchubuka na kumwachia mwigizaji viganja vya fedha kabla onyesho halijafika nusu. Vile visivyopakwa asidi hiyo huzama na kutawanyika ndani ya utomvu, hivyo huwa na mng'aro wa chini lakini hudumu, na hivi ndivyo vinavyotumika katika rangi ya mabonyeo.

Mabonyeo hayo hutokana na jambo ambalo mafundi wengine wa rangi hulihesabu kuwa balaa. Mtu anayepaka magari katika gereji ya jua kali anajua kwamba nta au mafuta ya silikoni yakibaki kwenye bodi, rangi itayakimbia na kuacha vishimo vya mviringo, na kazi yote italazimika kusuguliwa kwa msasa na kuanzwa upya. Silikoni hufanya hivyo kwa kuwa mvutano wa uso wake, yaani ile nguvu inayoshikamanisha ngozi ya juu ya umajimaji, ni mdogo kuliko ule wa rangi inayoizunguka, kwa hiyo rangi huvutwa pembeni. Mtengenezaji wa rangi ya mabonyeo hutia kiasi kidogo cha silikoni makusudi. Pamoja na hayo, kiyeyusho kinapopanda na kutoweka, rangi iliyo bado mbichi huzunguka ndani yake katika vijumba vidogo, ikipanda katikati na kushuka pembeni, mwendo ambao Mfaransa Henri Bénard aliuchunguza katika maabara mwaka 1900, na vipande vya alumini hubebwa na mizunguko hiyo na kugandia vikiwa vimeelekea pande tofauti. Matokeo yake ni uso ambao baadhi ya sehemu zake hurudisha mwanga na nyingine huumeza, na jicho, likizoea kuona vyombo vilivyofuliwa kwa mkono, husoma hali hiyo kuwa ni dalili ya nyundo. Kasoro imefugwa ikawa pambo, na pambo hilo hudai kazi ambayo hakuna aliyeifanya.

Ukamba, yaani nchi ya Wakamba ambamo Kitui na Makueni zimo, ni mahali pazuri pa kulipima dai hilo. Jina la Kitui lenyewe huelezwa kuwa lilitokana na wahunzi waliokaa huko kabla ya ukoloni, na iwapo maelezo hayo yanatosha au hayatoshi kwa mwanaisimu, kazi iliyofanywa inajulikana vyema. Wahunzi wa Kikamba walikusanya mchanga mweusi wenye chuma kutoka katika mikondo ya mito, mahali ambapo maji ya mvua huuchambua na kuulaza peke yake kwa sababu ya uzito wake, wakauyeyusha kwa makaa yaliyovuviwa kwa mivukuto ya ngozi, na kutokana na donge lililopatikana wakafua vichwa vya mishale, visu, majembe na sime, yaani zile panga fupi zenye kutanuka kuelekea ncha, ambazo bado huonekana viunoni mwa wachezaji wa ngoma za asili. Misafara ya Wakamba iliyopeleka pembe za ndovu Mombasa katika karne ya 19 ilirudi na nguo, shanga na waya wa shaba, na waya huo haukuvaliwa tu kama bangili, bali ulifanyiwa kazi upya. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui kwa Kivoi mwishoni mwa mwaka 1849, safari ambayo ndiyo iliyompa nafasi ya kuuona Mlima Kenya, alifikia nyumba ya mkubwa mmoja wa biashara hiyo, aliyeuawa miaka miwili tu baadaye katika msafara wa kuelekea mto Tana. Mwanaethnografia wa Uswidi Gerhard Lindblom, aliyekaa miongoni mwa Wakamba mwaka 1911 na 1912 na ambaye kitabu chake kikubwa juu yao kilichapishwa Uppsala mwaka 1916, aliandika kwa marefu juu ya ufundi huo wa metali, na mikufu ya Kikamba, iliyofumwa kwa vipete vidogo sana vya waya, imehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya ikiwa miongoni mwa kazi laini kabisa za metali za Afrika Mashariki.

Neno laini ndilo la kusitia hapa. Mhunzi hupiga nyundo ili apate umbo, na akishalipata, juhudi yake yote ya mwisho huelekezwa katika kuiondoa alama ya nyundo: husawazisha, hunoa juu ya jiwe, husugua, mpaka bapa la sime likawa na nyuso mbili zilizonyooka, zinazokutana katika uti ulioinuka katikati, na makali yanayometa kwa sababu yameliwa na jiwe wala si kwa sababu yamepakwa chochote. Sime yenye mabonyeo mwili mzima isingekuwa ushahidi wa ufundi wa kale, bali ingekuwa ushahidi wa mwanafunzi aliyeacha kazi katikati. Mkufu nao hauna mahali pa kubonyea. Mapenzi ya siku hizi kwa alama ya nyundo ni mapenzi ya watu waliozungukwa na vitu vilivyotoka kiwandani, sufuria ambazo zote ni sawa na mabati ambayo mawimbi yake yamepimwa na mashine, kwa hiyo kila palipo na kasoro ndogo wanaona mkono wa mtu. Mhunzi wa Kitui wa miaka ya 1850 hakuwa na haja ya kuthibitisha kwamba alitumia mkono, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Alichohitaji kuthibitisha ni kwamba mkono wake haukutetemeka. Rangi ya mabonyeo inapopulizwa juu ya sime ya jukwaani kwa nia ya kuifanya ionekane ya kale, basi, inaonyesha ukale kama leo unavyoutamani, na jambo hilo linafaa lijulikane na anayeshika kopo, hata kama ataamua kuendelea.

Kuna mahali ambapo kuendelea ni halali kabisa. Majukwaa yenyewe ni mengi kuliko inavyodhaniwa. Lipo tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule na vyuo, ambalo mizizi yake inarudi mwaka 1959 na ambalo hupanda ngazi kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda, kisha taifa, na humo shule za Kitui na Makueni huleta tamthilia, ngonjera na ngoma bunifu za kitamaduni. Yapo maigizo ya vitabu vya kutahiniwa: tamthilia ya Inheritance ya David Mulwa, iliyosomwa na watahiniwa wa kidato cha nne nchi nzima, ina mfalme Kutula wa Kumi na Tano na baada yake Lacuna Kasoo, mtawala anayekalia kiti kwa baraka za wageni. Yapo maigizo ya Ijumaa Kuu, kwa sababu Njia ya Msalaba huigizwa katika parokia nyingi za Jimbo Katoliki la Kitui na za Jimbo la Wote, lililoundwa mwaka 2023, na Njia ya Msalaba haiwezekani bila askari, nao askari hawawezekani bila chapeo, yaani kofia za vita za chuma, na deraya, yaani mavazi ya chuma ya kukinga kifua.

Kwa chapeo za Kirumi rangi ya mabonyeo inafaa, maana ni mali ya jeshi, iliyopigwa, iliyotumika, na mvaaji wake hatakiwi kupendeza. Taji la Lacuna Kasoo ni suala tamu zaidi. Likipulizwa dhahabu laini litakuwa taji la sherehe tu. Likipulizwa dhahabu yenye mabonyeo juu ya ukingo uliokatwa vibaya kidogo, hadhira itahisi, bila kuambiwa, kwamba utawala wenyewe umepigwa haraka ukavikwa mtu. Huko ndiko kutumia rangi kwa akili, kwa kuwa alama ya nyundo imegeuzwa kuwa maelezo ya mhusika. Kinyume chake ni sindano ya shaba iliyomuua Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya Waswahili, kwa mkono wa mwanawe, kisa ambacho shule za bara huigiza vilevile kama za pwani: hiyo inapaswa kuwa laini kuliko kitu chochote jukwaani, nyembamba, isiyo na pambo, kwa maana hofu yote ya kisa hicho imo katika udogo wake. Anayeipaka mabonyeo ameiharibu.

Baada ya kuchagua kinachofaa, linabaki suala la macho na mwanga, ambalo wengi hulidharau. Maonyesho ya shule hufanyika mara nyingi mchana, katika kumbi za kulia chakula zenye madirisha pande mbili, bila taa za jukwaani, na mwanga wa namna hiyo ni adui wa rangi laini ya fedha, kwa kuwa huangukia uso wote kwa usawa na kuugeuza kijivu. Metali halisi hutambulika kwa mabadiliko: mahali hapa pana weupe mkali, kidole kimoja pembeni pana giza, na kitu kikisogezwa weupe na giza hubadilishana nafasi. Mabonyeo huyaleta mabadiliko hayo hata katika mwanga mbaya. Hata hivyo, jicho la kawaida likiwa umbali wa meta 10 haliwezi kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya milimita 3 hivi, na mabonyeo ya kopo yana upana wa milimita chache tu, kwa hiyo kile ambacho mwalimu anakisifia akiwa amekishika mkononi huwa, kwa aliyeketi safu ya nyuma, ni ukungu wenye kumetameta kidogo. Hadhira ya nyuma huhitaji mabonyeo ya sentimita moja au zaidi, ambayo hakuna kopo linaloweza kuyatoa. Hayo hutengenezwa kwa mkono kabla ya rangi. Waamuzi, ambao huketi mbele, wataona yote mawili.

Jambo la pili kuhusu mwanga ni la rangi za dhahabu na shaba. Metali hizi hutia rangi yake katika mwanga zinaourudisha, kiasi kwamba hata lile doa kali la kumetameta juu ya bangili ya shaba lina wekundu ndani yake, ilhali plastiki na vanishi hurudisha doa jeupe, vyovyote iwavyo rangi iliyo chini. Fundi anayemalizia taji lake kwa vanishi ya kung'arisha, akidhani anailinda dhahabu, amefunika kile kilichokuwa kikimsaidia, na taji sasa linaonekana kuwa la plastiki. Ni afadhali dhahabu ichubuke. Tena mchanganyiko wa shaba na zinki uliomo katika rangi hiyo, ukiachwa wazi na kushikwa na mikono yenye jasho kwa msimu mzima, hugeuka hudhurungi na mahali pengine huingia ukijani, na kwa kitu kinachodaiwa kuwa cha miaka mia mbili hilo si hasara hata kidogo.

Kuhusu kile kinachopakwa, Ukamba una utajiri wake. Mkonge, unaolimwa katika shamba kubwa la Kibwezi na kupandwa kama ua katika vijiji vingi vya Makueni na Kitui, hutoa baada ya miaka kadhaa mlingoti mmoja mrefu wa maua, ambao ukikauka huwa mwepesi sana na bado hunyooka, na huo ndio mpini bora wa mkuki wa jukwaani. Nusu ya kibuyu kikubwa ni chapeo iliyokwisha kuumbwa na mmea. Nyayo za ndala kuukuu, zikikatwa kwa wembe na kupashwa moto kidogo, hukunjika na kubaki zilivyokunjwa, hivyo hufaa kwa deraya na kwa vilinda mkono. Boksi la katoni, likigandishwa tabaka tatu kwa gundi nyeupe ya mbao, hutoa bapa la sime lisilojikunja. Kitu kimoja cha kuogopwa ni ile stairofomu nyeupe inayokuja na televisheni, ambayo huvutia kwa wepesi wake lakini huyeyuka mbele ya macho inapoguswa na kiyeyusho cha sprei, na inayofaa tu ikiwa imefunikwa kabisa kwa gundi nyeupe mara mbili au tatu na kukauka, bila kuacha hata tundu la sindano.

Mabonyeo makubwa yaliyotajwa hapo juu hutengenezwa katika tabaka hili la gundi. Gundi nzito ikipakwa na kubonyezwa kwa mgongo wa kijiko ikiwa karibu kukauka huacha vidimbwi vinavyofanana na vya nyundo ya kichwa cha mviringo, na gundi iliyonyunyiziwa mchanga wa mto uliochekechwa hutoa uso wa chuma kilicholiwa na kutu. Mchanga haukosekani, mito ya msimu ya nchi hiyo ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na thamani yake kwa ujenzi na kwa kuhifadhi maji ilifika mahali ambapo Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuuhifadhi mwaka 2015, ingawa konzi moja ya kupambia ngao haitamfikisha mwalimu wa drama mahakamani. Inafurahisha kufikiri kwamba kutoka katika mikondo hiyohiyo mababu walichota mchanga mweusi wakapata chuma, na wajukuu wanachota ule mweupe wakapata sura ya chuma.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Maelekezo ya makopo yaliandikwa kwa nchi za baridi, na yanaposema kopo lishikwe umbali wa sentimita 20 hadi 30 na rangi ipulizwe kwa tabaka jepesi, hayakuwazia saa saba mchana huko Mutomo au Mtito Andei. Katika joto hilo kiyeyusho hutoweka hewani kabla tone halijafika, rangi hutua ikiwa vumbi kavu lisiloshika, na ile mizunguko ya ndani inayozaa mabonyeo haipati nafasi ya kuzunguka. Asubuhi na mapema ndiyo saa ya kazi hii, kabla upepo haujaamsha vumbi jekundu, na tabaka la mabonyeo, tofauti na sprei ya kawaida, linataka kupulizwa zito na kwa mara moja, kitu kikiwa kimelazwa, ili umajimaji ukae na kujipanga bila kuchuruzika. Kopo halistahili kuachwa juani, kwani onyo la nyuzi 50 za selisiasi lililoandikwa mgongoni mwake si mapambo. Wala rangi haipulizwi ndani ya bweni au stoo, kwa kuwa mvuke wa viyeyusho hivyo hulewesha na kuumiza mapafu, na gesi yake hushika moto wa jiko lililo mbali kuliko mtu anavyodhani. Uhaba wa bajeti hauondoi wajibu wa kuwapa wanafunzi barakoa na hewa.

Ukifuatwa utaratibu huo, kitu kinachopatikana bado kitakuwa kimoja tu miongoni mwa vingi vinavyofanana, mpaka kichakazwe. Kuchakaza ni kuongeza historia: rangi nyeusi iliyozimuliwa kwa maji hupakwa na kufutwa mara moja, ikabaki ndani ya mabonyeo tu, kisha fedha kidogo, kwa kitambaa kikavu, huguswa kwenye kingo, mahali ambapo mkono au ala ingesugua. Hapa ndipo rangi ya kopo huanza kusema kitu cha kweli, kwa sababu mchakazaji hulazimika kujiuliza kitu hiki kilishikwa wapi, kiliwekwa upande gani, kiligonga nini, na maswali hayo hayana jibu bila kumjua aliyekitumia. Maonyesho mengi ya ngoma za kitamaduni hukosea papo hapo: kila mkuki unang'aa sawa, kila ngao ina dhahabu, kana kwamba wazee wote walinunua vifaa vyao siku moja katika duka moja.

Wamunyu, ng'ambo kidogo ya mpaka katika Kaunti ya Machakos, inatoa mfano wa kufikirisha. Uchongaji wa kibiashara wa Wakamba husimuliwa kuwa ulianzishwa huko na Mutisya Munge, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na miongoni mwa vinyago vilivyoijaza dunia ya watalii kutoka mikononi mwa warithi wake ni shujaa wa Kimaasai aliyesimama na mkuki na ngao. Wakamba, waliokuwa na wahunzi wao na mikuki yao, waliuza sura ya jirani kwa sababu ndiyo iliyoulizwa. Hakuna dhambi katika biashara hiyo, lakini inafundisha jinsi mnunuzi anavyoweza kuamua ukale wa mtu uonekane vipi, na rangi ya mabonyeo, ambayo mfano wake wa uzuri ulibuniwa mbali na Ukamba, inaweza kufanya kazi hiyohiyo kimyakimya mikononi mwa mtu ambaye hakukusudia. Dawa yake haiko katika kuitupa rangi, bali katika kutazama kwanza sime moja ya zamani, kama ipo nyumbani kwa mzee yeyote, na kuiona ilivyo laini.

Mpaka wa mwisho wa sprei hauko machoni. Mkuki wa mlingoti wa mkonge ukigonga ngao ya katoni hutoa mlio wa katoni, na papo hapo masikio ya hadhira huyakanusha macho yake, hata kama rangi ni bora kiasi gani. Waelekezi wenye busara hupanga mapigano yasigusane, au hufunga njuga za kweli miguuni mwa wachezaji ili mlio wa chuma uwepo mahali fulani na usambae juu ya vingine vyote. Mkufu wa Kikamba hauna hata njia hiyo ya kukwepa, maana ukichorwa au ukafinyangwa kwa gundi na kupuliziwa shaba, hautatiririka mvaaji anapogeuza shingo, na mtiririko ndio mkufu. Huo inabidi ufanywe. Waya wake unapatikana ndani ya nyaya za umeme za nyumbani zilizokwisha kutupwa, ukichunwa plastiki. Na mwanafunzi anayeuzungusha kwenye msumari, akaukata vipete vilivyo sawa na kuvipachika kimoja ndani ya kingine kwa koleo, atatumia juma zima kupata urefu wa shingo moja, na hatahitaji kuupaka chochote.